Namna ya kuchora na kufuatilia maji ya eneo lenu, ya mtoni na ya kisimani kwa pamoja

Nafanya kazi ya kupima maji Dodoma, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wataalamu wa maji wa wilaya, viongozi wa jumuiya za watumia maji na wanafunzi ni moja: tuanzie wapi? Jibu langu ni kwamba ramani na vipimo vianze pamoja, na maji ya mtoni yasitenganishwe na ya kisimani. Nitaeleza hatua ninazozifuata kwa mfano wa eneo ninalolijua vizuri: Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu na visima virefu vinavyolinywesha jiji.

Makutupora ina hazina ambayo maeneo mengi ya Afrika hayana. Usawa wa maji kwenye visima vyake umepimwa tangu miaka ya 1950. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha uchambuzi wa vipimo hivyo vya miaka 55. Walionyesha kwamba maji ya ardhini hayaongezeki kila msimu. Hushuka miaka kadhaa mfululizo, kisha mvua kubwa isiyo ya kawaida huyapandisha kwa mkupuo, kama ilivyotokea katika El Niño ya 1997/98. Tunasema haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba cha Makutupora hujazwa na miaka michache ya mvua kubwa, na miaka mingine yote ni ya kuchota.

Hilo ndilo linaloongoza kila ninachoshauri hapa. Mradi wa miaka mitatu unaweza kuona mshuko mtupu na kutangaza kwamba maji yanaisha, au kukutana na mwaka wa mafuriko na kutangaza kwamba maji ni tele. Matangazo yote mawili yanaweza kuwapotosha watu.

1. Chora kidakio kwanza

Kidakio ni eneo lote ambalo maji yake hutiririkia njia moja. Weka pembeni mpaka wa wilaya au mkoa. Mkoa wa Dodoma pekee unagusa mabonde matatu kati ya tisa ya Tanzania. Maji ya Makutupora hufuata mto wa Kinyasungwe Ndogo hadi bwawa la Hombolo, kisha mto Wami, hadi Bahari ya Hindi. Mvua inayonyesha upande wa Bahi huishia kwenye ardhi oevu ya Bahi, ndani ya Bonde la Kati, ambalo halina njia ya kutokea baharini. Kusini, maji huelekea bwawa la Mtera na kuingia bonde la Rufiji. Ukijumlisha mvua na visima vya mkoa mzima, unachanganya maji yasiyokutana.

Data za mwinuko wa ardhi zilizokusanywa kutoka angani Februari 2000, zinazojulikana kama SRTM, zinapatikana bure kwa vipande vya mita 30 kwa 30. Ziingize kwenye QGIS, programu ya bure pia. Ziba mashimo bandia, tafuta uelekeo wa mtiririko, kisha iache programu ikuchoree mikondo na mpaka wa kidakio. Baada ya hapo toka ukaone. Kwenye tambarare, tuta la barabara au kalavati moja linaweza kuyapeleka maji upande ambao kompyuta haikuuona. Wafugaji wa Kigogo wanayajua makorongo ya kwao kuliko setilaiti yoyote. Waulize mafuriko ya mwisho yalipita wapi.

2. Kusanya visima vyote kwenye orodha moja

Kila kisima kipate namba, mahali kilipo, kina chake, tarehe ya kuchimbwa, usawa wa maji siku kilipochimbwa, kiasi kinachotoa kwa saa na aina za udongo na mwamba zilizokutwa njiani. Taarifa ya mchimbaji ni mali. Kwenye miamba ya matale kama ya Dodoma, maji hukaa kwenye tabaka lililooza juu ya mwamba mgumu na kwenye nyufa zake, hivyo visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana kabisa.

Angalia sana mfumo wa majiranukta. Ramani za zamani za nchi yetu zinatumia Arc 1960, wakati simu na GPS hutoa WGS 84. Ukichanganya mifumo hiyo, kisima kinahama takribani mita 300, na hapo unaweza kukihesabu kisima kimoja kama viwili. Dodoma ina mtego mwingine: longitudo 36 inapita mashariki kidogo ya jiji, nayo ndiyo inayotenga kanda ya 36 na ya 37 za UTM. Andika kanda kila mara, au hifadhi kila kitu kwa latitudo na longitudo.

3. Pima usawa wa maji kwa namna ile ile kila mara

Chagua visima vya ufuatiliaji ambavyo havisukumwi. Kisima chenye pampu kinakueleza habari za pampu zaidi kuliko za mwamba. Ukilazimika kukitumia, pampu izimwe na maji yaachwe yapande hadi yatulie, na muda wa kusubiri uandikwe.

Kwenye mdomo wa kesingi, yaani bomba la ukuta wa kisima, weka alama moja ya rangi isiyofutika. Vipimo vyote vianzie hapo, leo na miaka 20 ijayo. Pima kimo cha alama hiyo kutoka ardhini, kisha tafuta mwinuko wake kutoka usawa wa bahari. Shusha mkanda wa kupimia, dipa kwa lugha ya mafundi, mpaka ulie. Uinue kidogo, uushushe tena, usome palepale sauti inapoanza. Rudia. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya sentimita moja, pima mara ya tatu.

Kisha geuza kina kuwa mwinuko wa maji. Tuseme alama iko mita 1,080.40 juu ya usawa wa bahari na dipa imesoma mita 32.65. Maji yako mita 1,047.75. Kwa hesabu hii ndipo visima vinaweza kulinganishwa, na ndipo unaweza kuchora mistari inayoonyesha maji yanaelekea wapi chini ya ardhi.

Ukiwa na loga inayojipimia yenyewe, kumbuka kwamba nyingi hupima uzito wa maji pamoja na wa hewa iliyo juu yake. Unahitaji kifaa kingine cha kupima hewa peke yake ili uutoe, maana badiliko la hektopaskali moja ni sawa na sentimita moja ya maji. Na bado, kila unapokwenda kuchukua data, shusha dipa ulinganishe.

4. Usiudharau mto mkavu

Hapa ndipo ramani nyingi zinapopungukiwa. Korongo la mchanga ambalo kwa miezi mingi linapitiwa na ng'ombe tu ndilo mlango wa maji. Utafiti uliofuata Makutupora umeonyesha kwamba mafuriko ya mito ya msimu, hasa Kinyasungwe Ndogo, huingiza maji ardhini kupitia mchanga wa kitanda cha mto. Kwa hiyo pima mto kwa bidii ileile unayopima kisima, na uweke walau kisima kimoja cha ufuatiliaji karibu na korongo na kingine mbali nalo. Tofauti ya kupanda kwao baada ya mafuriko itakuonyesha maji yameingilia wapi.

Simika geji, yaani ubao wenye alama za kina, mahali mto umenyooka na kingo zake ni imara. Mtafute mkazi wa karibu wa kuisoma, mfundishe, na umlipe kwa wakati. Mpe na kipimamvua: mvua isomwe saa tatu asubuhi kila siku, na sifuri iandikwe. Nafasi iliyoachwa wazi haisemi kama mvua haikunyesha au msomaji hakuwepo.

Geji inatoa kina. Ili upate kiasi cha maji, pima pia kasi na eneo la mkato wa mto. Kama huna kifaa cha kupimia kasi, tumia kijiti kinachoelea. Kikisafiri mita 10 kwa sekunde 20, kasi ya juu ni nusu mita kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwa sababu maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Mkato ukiwa mita za mraba 2.4, mtiririko ni takribani mita moja ya ujazo kwa sekunde. Fanya hivyo maji yakiwa kidogo, ya wastani na mengi, upate mchoro wa kugeuza kina kuwa mtiririko. Mafuriko yakishahamisha mchanga, pima upya. Na usiingie kamwe kwenye korongo lililojaa. Pima ukiwa ukingoni au darajani.

5. Tumia setilaiti kwa kile inachokiweza

Picha za Sentinel-2, zenye vipande vya mita 10, zinaonyesha vizuri bwawa la Hombolo likitanuka na kusinyaa. Za Landsat zinakurudisha nyuma miongo kadhaa. CHIRPS ina makadirio ya mvua tangu 1981, na inasaidia pale vituo vya mvua vilipo vichache. Setilaiti za GRACE, zilizorushwa 2002, na za GRACE-FO, zilizofuata 2018, hupima mabadiliko ya uzito wa maji yote, hata ya ardhini, lakini kwa maeneo yenye upana wa mamia ya kilomita. Zinafaa kwa bonde la Rufiji au Ziwa Viktoria. Makutupora ni ndogo mno kwa macho yake.

6. Ongeza ubora wa maji

Kila unapopima kina, pima pia upitishaji wa umeme, pH na joto la maji. Mara moja kwa msimu peleka sampuli maabara kupima floridi na nitrati. Floridi hutoka kwenye miamba, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ukanda wa Arusha, Kilimanjaro na Singida unalijua tatizo hilo kwenye meno na mifupa ya watu. Nitrati inayopanda kisimani karibu na makazi mara nyingi inatokana na vyoo, na ni onyo kwamba jiji linakua juu ya maji yake lenyewe.

7. Hakikisha vipimo vinawafikia wenye maji

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imezipa bodi za maji za mabonde kazi ya kutoa vibali vya kutumia maji. Kibali kilichotolewa bila vipimo ni kubahatisha na maisha ya watu. Peleka nakala ya data yako bodi ya bonde, acha nyingine kwa jumuiya ya watumia maji, na chora grafu mbili kwenye karatasi moja: mvua juu, usawa wa kisima chini. Nimeibandika grafu ya namna hiyo kwenye mikutano ya vijiji, na wazee wakaionyesha miaka ya njaa kwa kidole kabla sijazisoma tarehe.

Ikiwa unapanga mradi wa kuchimba visima, fanya hivi kabla ya kusaini mkataba. Tenga kisima kimoja kisichosukumwa, nunua dipa, mteue mtu kwa jina, na bajeti ya kumlipa uiweke kwenye fungu la kila mwaka badala ya fungu la mradi. Mvua kubwa ijayo haina tarehe. Itakapokuja lazima awepo mtu wa kuipima, na lazima awe ameipima pia ile miaka mikavu iliyoitangulia.