NYOTA YA DABARANI: NI ALAMA YA MUUMBA, SI HAKIMU WA WAJA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na Masahaba zake.

SUALA

Kijana mmoja katika wanaohudhuria darsa yetu ametuletea suala ambalo jawabu lake twaona lawahusu wengi, basi tumependa kulijibu hapa. Asema kwamba alimposa binti wa watu wema, akakubaliwa, na siku ya nikaha ikawekwa. Kisha wazee wa binti wakenda kwa mtazamiaji. Mtazamiaji akahesabu jina la kijana na jina la mamake kwa harufi za abjadi, akatoa kumi na mbili kumi na mbili, akaangalia baki, akasema: "Nyota ya huyu ni Thauri, na jicho la Thauri ni Dabarani, nyota nyekundu yenye nuhusi. Nyota ya binti ni Akrabu. Ng'ombe na nge hawalali zizi moja." Posa ikarudishwa. Kijana auliza: Jee, hiyo Dabarani ni kitu gani? Na jee, yafaa katika sharia mtu akoseshwe mke kwa ajili yake?

JAWABU

Twasema, na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kwenye taufiki: suala hili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya ilimu ya falaki, ya pili ni ya dini. Tutaanza na ile ya kwanza, kwani mwenye kukijua kitu hakiogopi bure.

JINA LAKE NA MAHALI PAKE

Dabarani ni neno la Kiarabu litokalo katika asili moja na "dubur", yaani nyuma. Maana yake ni yenye kufuata. Imeitwa hivyo kwa kuwa yaifuata Thurayya, ambayo sisi twaiita Kilimia. Kilimia kikichomoza mashariki, baada ya kitambo kama cha saa moja hivi Dabarani nayo hutokeza. Waarabu wa zamani walitunga kisa kwamba Dabarani alimposa Thurayya akakataliwa, akawa amfuata daima huku akiswaga ngamia wake wa mahari. Na hao ngamia ni zile nyota ndogo zilizo karibu naye.

Mwenye kutaka kuiona asiende kwa mtu yeyote. Na atoke baada ya sala ya Isha katika mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi ambapo mbingu zetu huwa safi, atazame juu, kidogo upande wa kaskazini. Ataona nyota tatu zilizopangwa safu moja, karibu karibu. Afuate safu hiyo kuelekea Kilimia. Kabla hajakifikia atakutana na nyota moja kubwa yenye rangi kama ya kaa la moto. Hiyo ndiyo Dabarani. Na akiifuata safu hiyo hiyo upande wa pili ataiona Shi'ra, nyota ing'aayo kuliko zote za usiku, ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja kwa jina katika Surat An-Najm, akatujulisha kuwa Yeye ndiye Mola wake.

HALI YAKE

Wataalamu wa zama zetu wameipima nyota hii kwa vyombo, na haya ndiyo waliyoyapata. Nuru hwenda kiasi cha maili 186,000 kwa sekunde moja tu. Na pamoja na mbio hizo, nuru ya Dabarani hutumia miaka 65 hivi kutufikia. Maana yake, nuru iingiayo machoni mwetu usiku huu ilitoka huko kabla Kenya haijapata uhuru wake mwaka wa 1963. Wengi wa wasomaji wetu walikuwa hawajazaliwa. Basi huyo mtazamiaji adaiye kuwa nyota hii imeamua leo juu ya posa ya fulani, hata nuru yake ya leo haijaiona, wala haitaiona ila akiruzukiwa umri mrefu.

Ama ukubwa wake, upana wake ni kiasi cha mara 44 ya upana wa jua letu. Tukilifanya jua kuwa ni ndimu ya kukamuliwa, basi Dabarani itakuwa ni tufe lenye kimo cha mtu mzima. Na lau ingewekwa mahali pa jua, ingejaza kiasi cha nusu ya njia iendayo hadi kwenye sayari ya Utaridi.

Na wekundu wake hautokani na ghadhabu wala nuhusi. Mwenye kuingia kiwanda cha mhunzi ajua kwamba chuma kikipata moto huanza kuwa chekundu, kisha huwa rangi ya machungwa, na moto ukizidi huwa cheupe. Nyota ni vivyo hivyo. Uso wa jua letu una moto wa kiasi cha digrii 5,500 za sentigredi, na uso wa Dabarani kiasi cha digrii 3,600. Rangi yake basi ni khabari ya moto wake, si khabari ya ndoa za watu. Naye hakuwa hivi tangu mwanzo. Nyota hupata nuru yake kwa kugeuza haidrojeni kuwa heli ndani ya kiini chake. Dabarani ameimaliza haidrojeni ya kiini, na moto sasa wawaka pembeni mwa kiini hicho. Basi tabaka zake za nje zimefura na kupoa. Uzito wake hauzidi sana uzito wa jua letu, na wataalamu wasema kuwa jua nalo litafura namna hii baada ya miaka kiasi cha milioni elfu tano. Mwenyezi Mungu ametwambia katika Surat Yasin kuwa jua lenda hadi kituo chake. Hatusemi kuwa Aya hiyo ni ufafanuzi wa maneno ya wataalamu, kwani Qur'ani ni kitabu cha uwongofu, si daftari la hesabu ambalo leo twalitafsiri hivi na kesho vile. Twasema tu kwamba kila kiumbe kina ajali yake, hata nyota. Na chenye kufa hakifai kutegemewa.

KAZI YA WALIOTANGULIA

Watu hawa wenye vyombo waiita nyota hii Aldebaran hata leo. Jina ni letu. Wamelipokea katika vitabu vya Waislamu. Abdurrahman As-Sufi, aliyefariki mwaka wa 986, aliandika kitabu cha sura za nyota akizieleza moja moja, mahali pake na ung'aavu wake. Ulugh Beg alizipima tena Samarkand, na jadweli zake zikatimia mwaka wa 1437. Na Ahmad bin Majid, nahodha wa Julfar aliyeijua bahari yetu hii, alizieleza katika kitabu chake cha Al-Fawaid manzili 28 za mwezi, na Dabarani ni manzili ya nne. Hawa walizitazama nyota ili wajue kibla, nyakati za sala na njia za baharini.

Mwaka wa 1718 Mwingereza Edmond Halley alilinganisha vipimo vya kale na vya zama zake, akaona kuwa Dabarani, pamoja na Shi'ra na nyota nyingine, imehama kidogo mahali pake. Hapo ikajulikana kuwa nyota zilizodhaniwa kuwa zimekwama nazo zenda. Na mwaka wa 1864 wenzake wawili katika London, Huggins na Miller, waliichambua nuru ya Dabarani wakaona humo alama za chuma. Chuma kile kile cha jembe na nanga! Aliyekiumba huko ndiye aliyekiumba hapa.

Hivi ndivyo mali ya wazee wetu ilivyozalishwa na wengine. Sisi tuliobaki na jina tumelifanya neno "falaki" kuwa ni jina la upigaji ramli, hata mzazi akisikia mwanawe asoma falaki amwonea haya.

UWONGO WA HESABU

Na tuitazame hesabu yenyewe ya mtazamiaji. Jina la mtu huchaguliwa na wazazi wake. Wangalimwita Ali badala ya Salim, hesabu ingegeuka. Jee, nyota ya mbinguni ingehama kwa sababu ya akika ya Mombasa?

Zaidi ya hayo, wenyewe hawazijui nyota wanazozitaja. Jua hupita jirani na Dabarani mwanzoni mwa mwezi wa Juni. Lakini kwa hesabu ya watazamiaji jua hutoka katika Thauri kiasi cha tarehe 20 Mei na kuingia Jauza. Basi hilo "jicho la Thauri", kwa hesabu yao wenyewe, haliko tena katika Thauri! Sababu ni kwamba mhimili wa dunia wayumba polepole kama pia, na mzunguko mmoja huchukua miaka kiasi cha 26,000. Basi buruji za vitabuni zimeachana na nyota za mbinguni. As-Sufi alilijua jambo hili zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, akaliingiza katika jadweli zake. Mtazamiaji wetu hana khabari nalo, naye achukua fedha za watu.

HUKUMU YA DINI

Ama katika dini, jambo hili ni zito kuliko kosa la hesabu. Imepokewa katika vitabu vya tarekh kuwa wako Waarabu wa kabila la Tamim walioiabudu Dabarani katika zama za ujahili. Wengine waliitakidi kuwa mvua yaletwa na nyota. Katika Bukhari na Muslim imepokewa na Zaid bin Khalid kwamba palinyesha mvua usiku huko Hudaibiya, na baada ya sala ya alfajiri Mtume (s.a.w.) akawaeleza Masahaba kuwa anayesema amepata mvua kwa fadhila za Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kumuamini, na anayesema ameipata kwa nyota fulani huyo amemkufuru Mola na kuiamini nyota. Na katika mapokezi ya Nasai imetajwa nyota iitwayo Al-Mijdah. Na wanavyuoni wa lugha wamesema kuwa hiyo ni Dabarani hii hii.

Pengine msomaji atasema: wazee wetu husema kuwa Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, jee, nao wamekosa? La. Imam Shafii amepambanua baina ya mwenye kusema kuwa nyota imeleta mvua na mwenye kusema kuwa mvua imekuja katika wakati wa nyota fulani. Mkulima atazamaye Kilimia ni kama atazamaye saa: saa haileti adhuhuri, yaijulisha tu. Hilo halina makosa. Kosa ni kuifanya saa kuwa mungu.

Na juu ya ndoa hasa tuna ushahidi ulio wazi. Waarabu wa ujahili waliuona mwezi wa Shawwal kuwa ni wa nuhusi kwa harusi. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza, kama ilivyo katika Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alimuoa katika Shawwal na akaingia naye nyumbani katika Shawwal, na ni mke gani aliyekuwa na fungu kubwa kwake kuliko yeye? Siku Ibrahim, mwana wa Mtume, alipofariki, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa mauti yake. Mtume (s.a.w.), naye katika msiba, hakunyamaza, aliwafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu. Na Sayyidna Ali (r.a.), kama ilivyopokewa katika vitabu vya tarekh, alikatazwa na mnajimu asitoke kwenda vitani kwa kuwa mwezi u katika Akrabu, akatoka, akashinda.

Basi mwenye kumwendea mtazamiaji akamuuliza, Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa sala yake haikubaliwi siku arubaini. Hili wataka wazee walifikiri: wamemlinda binti yao na nyota, wakajitia wenyewe katika hatari hii.

WASIA WETU

Hatuwashutumu wazee wa binti kwa chuki. Twajua kuwa aliyewapeleka huko ni khofu: kila mzazi amkhofia mwanawe asipate taabu. Lawama nyingine ni yetu sisi tulio na vilemba. Tumenyamaza muda mrefu, kwa kuwa mtazamiaji naye ana kilemba na tasbihi, na pengine ni jamaa au jirani. Watu wakiona twamwamkia wala hatumkanyi, hudhani kuwa kazi yake ni katika dini.

Ewe kijana, usikate tamaa wala usikasirike. Rudi kwa wazee hao kwa adabu, pamoja na mtu mzima wanayemheshimu, na uwakumbushe kipimo alichotuachia Mtume (s.a.w.): akija kuposa mtu mnayeiridhia dini yake na tabia yake, muozeni. Nawaulize jirani zako juu ya sala yako, na tajiri wako juu ya uaminifu wako. Wakiona aibu humo, hiyo ni haki yao. Wakikosa aibu ila Dabarani, basi hawana hoja mbele ya Mwenyezi Mungu.

Nanyi wazazi wengine, msiku wa kaskazi utakapofika, watoeni watoto juu ya sakafu au ufukoni baada ya Isha. Waonyesheni Kilimia, kisha mwenye kukifuata. Waambieni jina lake, na kwamba nuru yake imesafiri miaka 65 ili ifike katika jicho lao, nayo haikuja kumdhuru yeyote. Kisha wasomeeni Aya ya Surat Al-An'am inayotujulisha kuwa nyota tumewekewa tuongoke kwazo katika giza la bara na bahari. Mtoto atakayezijua nyota hivi hatampata mtazamiaji wa kumtisha.

Mwenyezi Mungu atupe ilimu yenye manufaa, na atuepushe na kuviogopa viumbe vyake tukamsahau Yeye. Wallahu aalam.