Zaka ya Mpunga: Maswali ya Wakulima wa Mtunda

Ramadhani ikielekea ukingoni, zaka ya fitri hutolewa bila kuhimizwa sana. Zaka ya mazao haina bahati hiyo. Mpunga huvunwa, hutiwa kwenye magunia, huuzwa, na haki ya maskini huondoka humohumo.

Mkulima mdogo naye anadaiwa?

Anadaiwa akifikisha nisabu, yaani kiwango cha chini cha mavuno, ambayo wanazuoni wengi wa leo huikadiria kuwa kilo 650 hivi za nafaka iliyokwisha kukobolewa. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi hapa pwani, hukadiria mpunga wenye maganda maradufu, yaani kilo 1,300 hivi. Shamba linalopata maji ya mvua au ya mafuriko ya Mto Rufiji hutoa moja ya kumi. La pampu hutoa nusu ya hiyo, kwa kuwa mwenyewe kagharamika. Aliyevuna kilo 2,000 za mpunga bondeni atatoa 200, tena baada ya kuvuna, bila kungoja mwaka. Mahindi ya mlau, yanayopandwa mafuriko yakishapungua, nayo yana zaka, ila hupimwa peke yake.

Na korosho?

Wanazuoni wa Kishafii hawazitozi zaka ya mazao, kwa kuwa si chakula kikuu. Wa Kihanafi huzitoza. Hata hivyo fedha zake zikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na kutimiza mwaka wa Kiislamu mkononi, hutolewa asilimia 2.5. Mchuuzi wa kambamti hujumlisha bidhaa na fedha zake, akatoa kiasi hichohicho.

Mafuriko yakichukua shamba?

Kilichoangamia kabla ya kuvunwa hakidaiwi. Aprili 2024 maji yalizamisha mashamba Rufiji na Kibiti, na nyumba iliyozoea kutoa ikajikuta inastahili kupewa. Sura ya At-Tawba, aya ya 60, inataja makundi manane ya wanaopewa, na wenye madeni wamo. Aliyekopa mbegu zikasombwa, akashindwa kulipa, ana haki yake humo, wala haombi hisani.

Kwa nini tusigawe kidogokidogo mlangoni?

Zaka itafika, lakini umaskini utabaki palepale. Imamu Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa Kishafii wa karne ya 13, ameeleza kuwa mwenye ufundi apewe cha kununulia zana za kazi yake. Kwetu deltani zana hizo ni mtumbwi, nyavu, jembe. Watoaji kumi wakiunganisha mafungu yao, mjane mmoja hupata mbegu na gharama za palizi za msimu mzima, na huenda siku moja naye akatoa. Mimi naamini maendeleo ya kudumu ya taifa huanzia kwenye kaya kama hiyo.

Nani akusanye?

Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Vijijini kwetu, kamati ya msikiti inaweza kazi hii, mradi daftari lisomwe hadharani. Mtume alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen, alimwagiza zaka ya matajiri wa huko irudi kwa maskini wao. Basi ya Mtunda ianze na Mtunda.

Zaka ijenge daraja au zahanati?

Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wanakataa, ingawa baadhi ya wa zama hizi wanaruhusu. Kazi hizo zina sadaka na wakfu, na faida yake humfikia hata jirani asiye Mwislamu. Kodi ya serikali nayo inabaki palepale: aliyelipa kodi bado anadaiwa zaka, na aliyetoa zaka bado anadaiwa kodi.