Nyumba ya mirathi: Nani anakuuzia?

MTU wa Rugera kule Karagwe akishauza kahawa na kudunduliza miaka kadhaa, hutamani naye awe na nyumba Dar es Salaam. Magomeni, Temeke au Ilala. Si vibaya. Ila katika mitaa hiyo ya zamani zipo nyumba za marehemu, na dalali anayekuonyesha vyumba na bati hakuonyeshi warithi.

Tuchukue mfano. Marehemu, ambaye wazazi wake walishatangulia, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike. Baada ya mazishi, madeni na wasia (usiozidi theluthi) imebaki nyumba ya shilingi milioni 48. Kwa mujibu wa Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12, mjane ana thumuni, yaani milioni 6. Zinazobaki milioni 42 ni mafungu sita: kila binti milioni 7, kila kijana milioni 14. Sasa kaka mkubwa anapotia saini peke yake, anakuuzia 48 wakati chake ni 14. Hizo 34 ni za mama yake na nduguze!

Saini ya mjumbe wa nyumba kumi haitibu hilo. Omba kuona uteuzi wa mahakama wa msimamizi wa mirathi, kisha kaa na warithi wote, kina dada kwanza maana ndio husahauliwa. Na kama mwenye nyumba yu hai, muulize mkewe. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

Watu wa Kagera wanalijua jambo hili. Kimila binti alizuiwa kuuza ardhi ya ukoo, hadi Mahakama Kuu Mwanza ilipoamua mwaka 1990, katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, kwamba ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Qur'an ilishampa binti fungu lake karne zaidi ya kumi na tatu kabla. Lakini ni wangapi tunaisoma aya hiyo msikitini, kisha tunanunua nyumba bila kuuliza dada yuko wapi?

Na aliyekwisha kununua? Katika madhehebu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba mtu akiuza mali ya mwenziwe bila kuwakilishwa, mauzo ya fungu hilo ni batili. Basi awatafute mjane na mabinti, aandikiane nao upya mbele ya mashahidi, na awalipe.