Dondoo Muhimu: Kuunga Meli bila Kupoteza Muda

Mbinu za kupunguza upotevu viwandani zilikuzwa na Toyota nchini Japani. Zinafaa pia kwenye uundaji wa meli kama MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6, iliyoshushwa ziwani jijini Mwanza Februari 12, 2023.

Upotevu mkubwa ni kusubiri. Bamba la chuma lisipofika, mafundi hukaa bure. Likiwahi mno, huzagaa na kuziba njia. Vifaa viletwe kwa kufuata mpangilio wa uungaji.

Meli iundwe kwa vipande vikubwa. Mabomba na njia za nyaya zifungwe kipande kikiwa bado chini na wazi, kabla kreni haijakiinua. Kazi hiyohiyo ndani ya meli iliyokwisha kuunganishwa humlazimu fundi kuchomelea akiwa amejibana, mikono juu ya kichwa, na hapo ndipo kasoro huzaliwa.

Mishono ya kuchomelea ikaguliwe palepale; yenye nyufa au matundu isivuke hatua.

Kila zana iwe na mahali pake panapoonekana. Hata fundi anayechomelea mageti mjini Rulenge, mbali na ziwa, aanzie hapa: hakuna gharama yoyote.