Seli shina na mtindio wa ubongo: Mtu mzima aulize nini kabla ya kulipa?

Ikiwa una mtindio wa ubongo na umri wako umepita miaka 20 au 30, yamkini umekwisha kuambiwa na jamaa au rafiki kwamba ng'ambo kuna tiba ya seli shina inayoponya hali hiyo. Pengine familia imeanza kuzungumzia harambee ya kukusafirisha hadi India au China. Kabla ya shamba kuuzwa, ni vyema ufahamu tiba hiyo inamwahidi nini mtu mzima.

Mtindio wa ubongo hutokana na dhara lililoupata ubongo ungali unakua, aghalabu kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa. Dhara lenyewe haliongezeki baadaye. Seli shina nazo ni seli changa zenye uwezo wa kuzaana na kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Hutolewa kwenye uboho wa mifupa, kwenye mafuta ya mwili au kwenye damu ya kitovu cha mtoto mchanga.

Wengi hudhani kwamba seli hizo zikishadungwa huenda moja kwa moja ubongoni na kujenga upya sehemu iliyoharibika. Sivyo. Zikitiwa mshipani, nyingi hunaswa mapafuni. Watafiti wanaamini kuwa faida yake, ikiwapo, hutokana na kemikali ambazo seli hizo hutoa, zinazousaidia ubongo kujitengeneza. Hapo ndipo umri unapokuwa jambo kubwa. Ubongo wa mtoto wa miaka 2 ungali unajipanga. Wako ulikwisha kujipanga zamani, na misuli na viungo vyako vimefuata mpangilio huo.

Mnamo 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio la watoto 63 wa umri wa mwaka 1 hadi 6, waliotiwa damu ya vitovu vyao wenyewe. Baada ya mwaka mmoja, kwa jumla, hawakuwapita wenzao waliotiwa maji yasiyo na seli. Waliopata kipimo kikubwa ndio walioonyesha nafuu katika kutembea na kutumia viungo. Uchambuzi wa majaribio kadhaa uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Pediatrics nao ulionyesha nafuu, hasa kwa walio chini ya miaka 5 ambao hali yao si kali. Hao wote ni watoto. Isitoshe, damu iliyotumiwa Duke ilihifadhiwa walipozaliwa, ilhali kitovu chako wewe huenda kilizikwa shambani.

Hatari nazo zipo. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walieleza kisa cha mwanamume wa miaka 66 aliyekuwa na kiharusi, ambaye alidungwa seli katika kliniki za China, Argentina na Mexico. Uvimbe uliota katika uti wake wa mgongo, nao ulikuwa wa seli za watu wengine. Miguu yake ikapooza.

India kwenyewe, ambako Wakenya wengi huenda kutibiwa, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2017 uliruhusu seli shina kuwa tiba ya kawaida kwa maradhi kama yale ya damu tu. Mengine yote, mtindio wa ubongo ukiwamo, ni ya utafiti. Na katika utafiti wa kweli mgonjwa hatozwi pesa za kile kinachojaribiwa. Kwa hivyo, ukipewa bei, umekwisha kujibiwa swali lako la kwanza. Uliza pia ni watu wazima wangapi waliotibiwa na walilinganishwa na nani. Usitosheke na picha za video. Kliniki nyingi huchanganya sindano hizo na mazoezi ya viungo ya kila siku, na mazoezi peke yake huweza kuleta nafuu hiyo unayoonyeshwa.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba, huku pesa zikichangwa, maumivu ya nyonga, uchovu na ukakamavu wa misuli huachwa bila kutibiwa. Vidonge vya baclofen, sindano za botulinum, viatu maalumu na mtaalamu wa mazoezi ya viungo huweza kumsaidia mtu mzima, na vyote hivyo havihitaji paspoti.

Tena usikubali kuambiwa kwamba kudhoofika ni "ugonjwa wako tu". Kwa kuwa dhara la ubongo haliongezeki, miguu inayoanza kushindwa ukubwani ina sababu nyingine. Wale ambao shingo zao hupinda na kucheza bila hiari huweza kubanwa uti wa mgongo shingoni. Vidole vikifa ganzi, mkono ukianza kuangusha vitu au mkojo ukikataa kuzuilika, mwone daktari mara moja na umwombe picha ya MRI ya shingo. Upasuaji ukifanywa mapema huweza kuzuia madhara yasizidi, lakini ukichelewa, nguvu zilizopotea huenda zisirudi.