Ultrasaundi Haishindani na Elimu ya Allah

Hapa Mpui, akina mama katika darsa langu huniuliza: Ustadh, kupima ultrasaundi si kuchungulia ghaibu? Hutaja aya ya mwisho ya Surat Luqman, kwamba Allah ndiye Ajuaye yaliyomo matumboni.

Ndugu zangu, mashine hiyo hutumia mawimbi ya sauti, si mionzi ya eksirei, na huonesha kilichokwisha kuumbwa tu. Riziki ya mtoto, siku yake ya kufa, wema au uovu wake, hayo haiyaoni.

Inachokiona si kidogo: umri wa mimba, mapacha, kondo la nyuma lililoziba mlango wa kizazi. Mwenye kondo la namna hiyo akianza kutokwa damu usiku kijijini, safari ya Sumbawanga yaweza kumshinda. Akijua mapema, atafuatiliwa na kujifungulia hospitali. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kipimo kimoja kabla ya wiki 24.

Akipatikana mpimaji mwanamke ni bora. Asipopatikana, dharura ina hukumu yake. Nanyi waume, nauli itoeni. Kumhudumia mke ni wajibu, si hisani.

Wallahu a'lam.