Jumatano: Mfungo Unaofungua Mlango

Soma Isaya 58:3–8. Watu walimlalamikia Mungu nini, naye aliwaonesha kasoro gani katika mfungo wao?

Watu wa siku za Isaya hawakuwa wavivu wa dini. Walifunga, wakainamisha vichwa na kuvaa magunia, kisha wakashangaa mbona mbingu ziko kimya. Jibu la Bwana lilishuka hadi kwenye mambo ya nyumbani: chakula, vazi na mahali pa kulala. Katika fungu la 7, maskini asiye na makao hapelekewi msaada hukohuko nje; anakaribishwa ndani. Sura hiyohiyo ndiyo inayotuita kuifurahia Sabato (fungu la 13). Hatuwezi kuliruka fungu la 7 ili tufike upesi la 13.

Soma Ayubu 31:32. Ayubu alitaja jambo gani kuwa ushahidi wa unyofu wake?

Jioni maduka yanapofungwa Levolosi, jijini Arusha, kwa wengine baraza hugeuka kitanda. Mwezi Juni na Julai baridi ya Meru haimhurumii aliyejifunika kiroba. Baadhi yao ni watu wazima wanaobeba mizigo mchana. Mchukuzi huweza kupata hela ya kula siku kwa siku, lakini mwenye nyumba akidai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, mlango hubaki umefungwa. Pale mshiriki mmoja anaposhindwa, darasa zima laweza. Likichanga kodi ya kuanzia, na mmoja wao akakubali kuwa mdhamini, mtu huyo hupata nafasi ya kujiwekea kidogokidogo kwa ajili ya kodi inayofuata.

Kwa mtoto, njia ni nyingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa malezi. Kwa hiyo huruma isimfanye mtu amchukue mtoto kimyakimya. Taarifa ifike kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii. Kituo cha Amani, kilichoanzishwa Moshi mwaka 2001, kimewatafuta watoto katika mitaa ya Moshi na Arusha, kikawapa makao na elimu, na kuwatafuta ndugu zao ili warudi nyumbani inapowezekana. Maana makao ni zaidi ya kuta na bati. Ni kuwa na mtu atakayeuliza, "Mbona leo umechelewa kurudi?"

Soma Luka 9:58. Mwokozi wetu aliijua hali ya kukosa mahali pa kulaza kichwa. Je, angepita Levolosi usiku, angelala wapi?

Kwa mjadala darasani:

1. Hofu ya kuibiwa au kudanganywa ina sababu. Tutawezaje kuwa na busara bila kuifanya busara hiyo kisingizio?

2. Ni nani analala nje karibu na kanisa lenu? Je, kuna yeyote darasani anayelijua jina lake?